Sikio la Bi Kibibi

Wiki ile nilikuwa nimechoka hata kabla Bi Kibibi hajaingia dukani. Mashine ya kutoa nakala ilikuwa inakula karatasi, joto la Msambweni lilikuwa limenikalia kifuani, na watu walikuwa wananiletea simu zilizoanguka chooni na kusubiri nizifufue.

Mjukuu wake, Ikram, alikuwa ameshanitumia ujumbe wa sauti.

"Asalaam alaikum, fundi Muindi. Ninaolewa Ijumaa na nimeshatawishwa ndani, siwezi kutoka. Bibi yangu ndiye aliyenilea tangu mamangu alipofariki. Kifaa chake cha kusikia kilipelekwa kutengenezwa, kikarudi kimefutwa mipangilio yote. Hospitali ya Mombasa imetupa miadi ya mwezi ujao. Ijumaa nitakapoulizwa kama nimeridhia, nataka bibi anisikie nikijibu. Tafadhali."

Jumanne asubuhi bibi mwenyewe akafika kutoka Munje, peke yake, na mkoba. Ndani mlikuwa na kifaa chake, waya wa kukiunganisha na kompyuta, karatasi ya vipimo kutoka hospitali na CD yenye programu ya kukipangia sauti. CD ilikuwa ya Windows ya zamani. Niliazima kompyuta ya jirani yenye Windows mpya, ikaikataa. Kompyuta zangu zote nne zinatumia Linux, si kwa ujuaji bali kwa sababu ni kuukuu na mfumo mzito unazilemea. Ikanibidi nitumie Wine, programu inayoifanya programu ya Windows iamini kwamba iko kwao.

Nilihangaika nayo hadi adhuhuri. Hatimaye ikafunguka. Nikaingiza tarakimu za hospitali, nikachomeka waya, nikabonyeza, ikaandika kwamba imehifadhi. Nikamvisha kifaa.

"Bi Kibibi, unasikia sasa?"

"Alhamdulillah, mwanangu," akatabasamu. "Vizuri."

Jioni Ikram akanipigia. Bibi hasikii kitu.

Jumatano akarudi, safari hii na mkate wa sinia uliofunikwa kwa kitambaa. Nikaongeza sauti, nikabonyeza, ikahifadhi. Vizuri, alhamdulillah. Alipogeuka nikanong'ona, "Mama huyu atanimaliza." Nilikuwa nimeshazoea kunung'unika mbele yake kwa kuwa hasikii, na sijivunii jambo hilo.

Alhamisi nilipomwona tena mlangoni nilitaka kujificha chini ya meza. Nikarudia yote, akanijibu yaleyale. Hasira ikanipanda. Nikamtazama kwa uso wa mtu anayeuliza hali, nikasema kwa sauti ya kawaida:

"Bi Kibibi, duka langu linaungua moto. Unasemaje?"

"Alhamdulillah," akasema. "Vizuri sana, mwanangu."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mimi ni Mkamba wa Shimba Hills. Nyumbani kwetu mtu akiulizwa kama kiatu kinabana, husema kinabana. Bi Kibibi alikuwa anaona mdomo wangu ukicheza, anajua nimemuuliza jambo, na kwake anayekuuliza hali hurudishiwa shukrani. Kumwambia mtu anayekutolea jasho kwamba kazi yake haikufaa kitu, hilo lisingetoka kinywani mwake. Siku tatu nilikuwa nimepima kazi yangu kwa adabu ya mama wa watu. Niliona aibu.

Ndipo nikaitazama programu yenyewe vizuri. Pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, ilikuwa imeandika kwamba inatumia kifaa cha majaribio. Haikuwahi kuliona sikio la Bi Kibibi hata mara moja. Ilikitafuta kifaa kwenye mlango wa waya kwa jina la Windows, na Linux inauita mlango uleule jina jingine. Ilipokikosa ikajitungia kifaa cha kubuni, ikawa inanijibu imehifadhi, imehifadhi.

Kuyaunganisha yale majina mawili kulihitaji mstari mmoja tu wa amri kwenye kompyuta. Dakika tano! Nilipobonyeza, taa ndogo kwenye waya ikawaka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Nikamrudishia kifaa sikioni, sikumuuliza lolote, nikalaza kichwa mezani.

"Ee Mungu," nikanong'ona, "mama huyu amenichosha mpaka mifupa."

"Pole, mwanangu," akasema Bi Kibibi.

Nikainua kichwa. Alikuwa ameangalia barabarani, hakuwa ananitazama mdomo.

"Nisamehe, bibi. Sikukusudia..."

"Umekusudia, na haki yako," akasema. Akakigusa kile kifaa kwa kidole, taratibu. "Hata mimi nimechoka. Miezi minne ninawajibu watu nisiowasikia. Wewe huna mke wa kumwambia umechoka?"

"Ninaye."

"Basi nenda ukamwambie. Mimi nimeshasikia."

Akaubeba mkoba wake akaenda zake Munje. Nilifunga duka saa tisa alasiri, jambo ambalo silifanyi.

Ijumaa jioni Ikram alinipigia. Alisema walipokuja kumuuliza, alishikwa na haya, sauti ikatoka ndogo mno. Mashahidi wakatazamana, wakamwomba arudie.

"Ya nini arudie?" Bi Kibibi akawaambia kutoka pembeni mwa chumba. "Amesema ameridhia. Nimemsikia."