Shahidi wa Jinnai

Miaka kumi na mmoja Jinnai alikwenda vitani na kurudi mikono mitupu. Si kwamba alikuwa mwoga, hapana. Mwoga angeshakimbia zamani. Bahati tu ndiyo iliyomkataa. Kila akimfikia adui, anakuta mwenzake ameshamaliza kazi na anafuta upanga. Na katika ukoo wa Kiriyama, samurai asiyeleta kichwa cha adui mbele ya bwana wake ni mtu wa kula wali wa bure. Wenzake walikuwa hawamwachi apumue. Siku za kuondoka walimuuliza kama amefunga chakula cha mchana, maana yeye haendi vitani, anakwenda matembezi. Jinnai alicheka nao, kisha akifika nyumbani hamtazami mkewe usoni.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumcheka, naye ni Heishichi, kaka wa mkewe Oyae. Heishichi alikuwa hodari, na jina lake lilijulikana hadi ng'ambo ya mto. Ndiye aliyemwoza Jinnai dada yake wakati ndugu zake wote wanauliza ameona nini kwa mtu yule. Aliwajibu kwamba ameona mtu mwema, basi.

Asubuhi ya vita vya kivukoni kulikuwa na ukungu, mtu haoni hata mkuki wake mwenyewe. Jinnai alimfuata shemeji yake kwenye matete, akampoteza, akasikia vyuma vikigongana, akakimbilia huko. Alipofika, mambo yalikuwa yamekwisha. Nahodha mmoja wa adui, mwenye kofia ya chuma yenye pembe, alikuwa amelala chali amekufa. Pembeni yake Heishichi ameketi topeni, paja limepasuliwa, damu inatoka kama maji ya mfereji.

"Shemeji," alisema Heishichi, "nifunge mguu huu."

Jinnai akapiga magoti. Alitoa kitambaa kifuani, akakikunjua vizuri kabisa. Nia yake ilikuwa kumfunga, na hilo tusimdhulumu. Ila macho yake yaliteleza yakaangukia ile kofia yenye pembe. Miaka kumi na mmoja yote ikampanda kichwani kwa mara moja. Akajiambia kwamba mwenye jeraha kama lile haponi, kwamba Heishichi ni maiti anayesema, kwamba maiti hana haja ya sifa. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi sababu.

"Nakuja sasa hivi," alisema.

Akamkata nahodha kichwa, akakifungia kwenye kile kitambaa, akaondoka. Nyuma yake Heishichi alimwita mara mbili. Mara ya tatu hakumwita.

Kambini alikuwapo mkaguzi wa vichwa, mzee Shuzen, na karatasi zake. Mzee huyo hakuwa na mchezo. Kichwa kisicho na shahidi kwake kilikuwa kichwa cha kuokota, na aliyekileta angechekwa mpaka wajukuu zake. Akauliza: nani aliona? Jinnai hakuwa amelifikiria hilo. Walio hai wote wangeulizwa, na wote wangesema hawakumwona. Basi akamtaja mtu ambaye hawezi kuulizwa. Alisema aliyeona ni Heishichi, kabla hajakata roho. Shuzen akaandika, akampa pole ya kufiwa na shemeji. Jinnai akaipokea ile pole kwa mikono miwili.

Vichwa vilipelekwa kwa wanawake wa ngomeni, wavioshe, wavichane nywele, wavipake poda na kuyatia meno rangi nyeusi kama ya watu wa heshima, ili bwana asitazame uchafu. Oyae akapewa cha mumewe. Alikuwa anamlilia kaka yake huku anachana nywele za mtu aliyedhani ndiye aliyemuua, na alizichana polepole bila kuzivuta, kwa kuwa ndivyo adabu inavyotaka. Jinnai alipopita mlangoni Oyae alimwita, akamuuliza kaka alisema nini mwisho.

"Alikutaja wewe," alisema Jinnai.

Oyae alijifuta macho kwa mkono wa nguo. "Mungu akulipe, mume wangu," alisema. "Ningekuwa na kidonda moyoni hadi kufa kama asingekuwapo wa kumlipizia."

Loo! Jinnai alitoka pale akaenda nyuma ya zizi la farasi akatapika. Wenzake waliomwona walisema ni ugeni wa damu, wakampigapiga mgongoni kwa upendo. Wale wale waliokuwa wakimcheka sasa walimwita ndugu, na kila pigo la mgongoni lilimchoma.

Kesho yake, jua limesimama utosini, Bwana Mkuu Tokikado aliketi kwenye kigoda chake uwanjani, vichwa vimepangwa juu ya vibao. Shuzen akasoma jina la Jinnai kwa sauti, na jina la shahidi wake marehemu. Hajamaliza vizuri, wachukuzi wanne wakaingia langoni na ubao begani. Juu ya ubao kuna mtu mweupe kama karatasi, paja limefungwa kwa mshipi wake mwenyewe.

Walikuwa wamemkuta kwenye matete, bado anapumua.

Oyae alitoka mbio kwenye banda la wanawake bila kujali nani anatazama, akamwangukia kaka yake. Watu wakashangilia. Jinnai peke yake alitamani ardhi ipasuke immeze. Adhabu aliijua, kila mtu aliijua: anayemdanganya bwana kwa kichwa cha mwenzake, chake mwenyewe huwekwa kwenye kibao cha pili, na mkewe hufukuzwa na nguo alizovaa.

Shuzen alifurahi kweli, masikini; katika kazi yake yote hakuwahi kupata shahidi aliyefufuka. Alimsogelea Heishichi akamsomea alichoandika, akamuuliza kama ndivyo.

Heishichi alimtazama Jinnai. Alimtazama muda mrefu, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. Kisha akamtazama dada yake aliyekuwa amemshika mkono na uso wake wote unacheka na kulia.

"Ndivyo," alisema. "Mimi nilianguka mapema. Aliyempiga ni shemeji."

Bwana Mkuu alimwita Jinnai mbele, akammiminia pombe ya mchele kwa mkono wake. Jinnai alikishika kikombe, akafungua kinywa aseme kweli yote, imalizike. Ndipo akaelewa. Akikiri sasa, Heishichi atakuwa amemdanganya bwana mbele ya ukoo mzima, na watakufa wote wawili. Ule uongo ulikuwa umefungwa shingoni mwa mtu mwingine. Basi akanywa. Watu walisema machozi yake ni ya furaha.

Akapewa kijiji kidogo na farasi. Tena Bwana Mkuu, kwa huruma yake, akaona kwamba Heishichi, mtu aliyeanguka mapema na sasa ni kiwete, hafai tena safu ya mbele. Mkuki wake alipewa mwingine. Yeye akawekwa chini ya Jinnai, amtunzie vifaa na kumfuata anapotoka. Kila mtu alisifu kwamba ni jambo zuri, shemeji kumtunza shemeji.

Majira ya kuchipua Heishichi alifika kwenye nyumba mpya akichechemea. Oyae alimpikia, akamkemea kwa kukonda, akaenda kuchota maji akiimba. Walipobaki wawili Jinnai hakuweza tena.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza, macho sakafuni.

"Niseme, halafu Oyae awe mjane?" Heishichi alishuka hadi kwenye ngazi ya mlango, akainama kwa tabu kwa ajili ya ule mguu, akaanza kupanga ndara za majani za bwana wake mpya. "Ila kuna jambo linanisumbua, shemeji. Nimelifikiria tangu siku ile pale topeni."

"Niulize."

"Kile kichwa. Ungeniomba tu, ningekupa. Hata ushahidi ningekutolea, kwa moyo mmoja. Nilikuwa nangoja umalize kunifunga mguu ndipo nikwambie ukichukue." Akaiweka sawa ndara moja. "Ulikuwa umeshakunjua kitambaa. Kwa nini hukuniomba?"

Nje majirani walikuwa wanapita, wanamwamkia kwa heshima. Heishichi alikuwa ameinama bado, ameshika ndara mkononi, anangoja. Basi Jinnai akanyoosha mguu, akavalishwa.