Bata wa Tonton Placide

Madeleine hakuwa na ugomvi na ndege yeyote duniani isipokuwa bata mmoja, na bata mwenyewe hakuwa hata na nyama: alikuwa wa kuchorwa. Kila mwaka, sikukuu ya parokia ikifika, Padri Aloys alitoa mashine yake ya sinema, akatundika shuka jeupe ukutani, na nusu ya mtaa wa Kadutu ikajazana kwenye sale, ukumbi wa parokia, kumtazama bata yule yule. Filamu ilikuwa kuukuu, imekatika na kuungwa mara nyingi, tena ilisema Kiflama, lugha ambayo mle ndani padri peke yake ndiye aliyeijua. Lakini nani alijali? Tonton Placide alikuwepo.

Placide, mwalimu wa kwaya na tonton, yaani mjomba, wa mtaa mzima, ndiye aliyeifasiri. Alisimama kando ya shuka na fimbo yake, akawasemea wanyama wote. Kwamba naye Kiflama hakukijua hata neno moja, hilo halikumnyima usingizi. Hadithi ilionekana kwa macho: kuku anachukuliwa na mafuriko, kifaranga chake kinabaki peke yake, bata anakiokota. Kwa padri hiyo ilikuwa hadithi ya huruma. Kwa Placide, sale isiyo na mtu wa kuzomea ni sale iliyolala. Basi akambatiza bata jina la Mama wa Kambo, akampa sauti ya kukwaruza: "Weye, mutoto ya watu, kula makapi!" Na watu wote: "Huuuu!"

Mwaka uliotangulia Madeleine alikuwa bibi harusi wa juzi juzi. Mwalimu wa darasa la kwanza, mzaliwa wa kijijini Walungu, ameolewa na Ignace, karani aliyefiwa na mkewe. Alikaa mbele kabisa, kitenge kipya, Ignace na suti yake ya abacost upande huu, na Nyota, binti wa Ignace, upande ule. Placide aliposema "Mama wa Kambo", shingo zote ziligeuka. Domitille, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu siku ile Madeleine hakuweza kwenda kuchota maji bila mtu kuimba: "Bata anapita!" Utani tu, walisema. Utani! Mwenye kutaniwa ndiye anayejua uzito wake.

Angeuvumilia, kama nyumbani mambo yangekuwa mengine. Nyota hakuwa mtoto mkorofi, la. Baada ya msiba alikaa kwa bibi yake kule Uvira, kwenye joto, kisha akaletwa huku kwenye baridi na kwa mwanamke asiyemjua. Alikula, aliosha sahani, alisema asante. Ila alimwita Madeleine "Madame", kama wanafunzi wake wanavyomwita shuleni. Madeleine alikuwa amemfumia triko, sweta ya bluu, na kila asubuhi mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Nyota, vaa triko. Huku haiko Uvira!"

"Ndiyo, Madame."

Na triko inabaki kwenye kiti. Madeleine alitamani neno moja tu, maman, akalitamani mpaka likamuuma. Lakini neno kama hilo haliombwi. Ukiliomba, limeshaharibika.

Mwaka huu alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga kwenye ile sale. Jumapili ya sikukuu, baada ya misa, Nyota akamsogelea jikoni, macho chini.

"Madame, tutaenda kuangalia filamu?"

Tangu aingie nyumba ile, mtoto hakuwahi kumwomba kitu. Madeleine alivua aproni pale pale. Angeombwa kwenda hata Luhwindja, kule mbali milimani, kwa miguu, angekwenda.

Walikuta madirisha yameshazibwa kwa blanketi. Ignace alikuwa safarini kwa kazi, kwa hiyo Madeleine alikaa nyuma peke yake, karibu na mlango, huku Nyota akikimbilia kwa wenzake. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kuna balaa: Placide alikuwa ameimba maandamano mazima ya sikukuu juani, na alipofungua kinywa ikatoka sauti ya mlango wenye kutu. Watu wakaangua kicheko.

"Sasa nani atasaidia?" aliuliza Padri Aloys.

"Nyota!" watoto walipiga kelele. "Nyota anaijua yote!"

Kumbe! Nyuma ya jiko, mtoto yule mnyamavu alikuwa akiwachezea wenzake filamu nzima, sauti kwa sauti. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga hawakukosea. Kuzomewa na jirani ni kitu kimoja. Kusikia "kula makapi" kwa kinywa cha mtoto unayempikia, hapana, hilo Madeleine hakujua atalibeba vipi.

Taa zikazimwa. Nyota alishika fimbo, akaanza vizuri, kama Placide mwenyewe: kuku akalia, mafuriko yakanguruma, watu wakashangilia. Kisha bata akatokea. Midomo yote ikajiandaa kuzomea, na Nyota akanyamaza kabisa. Mashine ikaendelea kukereza Kiflama chake.

Ndipo Madeleine alipomwona bata kwa mara ya kwanza. Mwaka jana aliona shingo za watu tu. Huyu alikuwa bata mwenye miguu mikubwa, mshamba kidogo, anayetembea hatua chache halafu anageuka kuangalia kama kifaranga kinafuata. Kifaranga kilikaa mbali. Bata akaleta mnyoo, akauweka chini, akasogea kando akijifanya anatazama mawingu. Madeleine alicheka peke yake gizani. Masikini, hata yeye hajui aanzie wapi! Akampenda bata yule, jamani, akampenda kama mtu anavyompenda ndugu yake baada ya kumdhania vibaya kwa muda mrefu.

Mvua ikaanza kwenye shuka. Bata akafungua bawa. Kifaranga kikasimama nje, kinalowa.

"Nyota, sema basi!" mtu alidai.

Nyota akasafisha koo. Sauti iliyotoka haikuwa ya kukwaruza. Ilikuwa ya Walungu, ya darasani, yenye kuvuta maneno: "Kifaranga, vaa triko. Huku haiko Uvira!"

Sale ikapasuka kwa kicheko. Domitille aligeuka: "Madeleine! Iko weye kabisa!"

Uso wa Madeleine uliwaka moto. Ananiiga, alifikiri, ananianika mbele ya watu wote. Alishainuka, mkono wake uko kwenye kitasa.

"Vaa, mutoto wangu," bata aliendelea, polepole sasa. "Nilikufumia mie mwenyewe. Nilikosea mukono, nikafumua, nikaanza tena."

Madeleine hakuwahi kumwambia mtu habari ya ule mkono. Alifumua akiwa peke yake, akidhani mtoto yuko chumbani anasoma. Aliachia kitasa. Kicheko kilikuwa kimeisha, na kwenye shuka kifaranga kilipiga hatua, kikaingia chini ya bawa. Nyota akakisemea kwa sauti yake mwenyewe, ndogo.

"Ndiyo, maman."

Madeleine alikaa chini akalia waziwazi, pua na kila kitu, na hakumwonea mtu haya.

Walipotoka, manyunyu yalikuwa yanaanguka kweli. Nyota alikuja na aibu zake, akatazama viatu. Madeleine alitoa triko kwenye mfuko, kwa sababu kila ilipoachwa kwenye kiti, yeye aliichukua akatembea nayo.

"Vaa. Huku..."

"...haiko Uvira," mtoto alimalizia, akaingiza mikono.

Walikuwa wamefika barabarani pale Domitille alipopaza sauti kutoka mlangoni, kwa mazoea yake tu: "Bata anapita!"

Madeleine aliendelea kutembea. Nyota ndiye aliyegeuka, triko imefungwa mpaka shingoni, akajibu kwa sauti ambayo Kadutu nzima iliisikia:

"Anapita na mutoto wake!"