Moyo Ulioombewa na Endarasha Nzima

"Panda tena," Daktari Mbaabu akasema, nami nikapanda.

Ilikuwa ngazi fupi ya mbao, ile ya kupandia kitanda cha wagonjwa. Nilipanda, nikashuka, nikapanda, daktari akitazama saa yake. Mama alikuwa kwenye benchi, amenikodolea macho kama mtu anayelinda maziwa yasifurike jikoni.

Mwaka ulikuwa 1978, nami nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa nimepata nafasi katika shule ya bweni kule Murang'a, ambako wasichana walijitekea maji mtoni na kuyapandisha mlima wenyewe. Mama alikuwa amekataa katakata. Siendi, labda daktari aseme kwamba moyo wangu utaweza mlima ule. Ndiyo maana tulikuwa tumeamka alfajiri na kuja Nyeri mjini.

Nilizaliwa na tundu moyoni, katikati ya vyumba viwili ambavyo havikupaswa kuonana. Nilipokuwa na miaka sita nilipasuliwa Nairobi, wakaliziba. Kanisa letu lote kijijini Endarasha lilifunga na kuomba, na tangu siku niliyorudi moyo wangu ukawa mali ya umma. Nikiharakisha kidogo tu njiani, sauti ilinifuata kutoka shamba la viazi: "Wewe Watiri! Kwani tulikuombea ukimbie?" Sikutumwa kuni wala maji. Siku za michezo shuleni nililinda sweta za wenzangu.

Nilichukia kulinda sweta. Lakini kuliko kuchukia, nilitaka kujua. Madaktari walinishona kwa uzi wa aina gani? Mtu akikimbia, uzi huo hukazika au hulegea? Nilimuuliza mwalimu wa sayansi, akanijibu nisome kilichomo kitabuni.

Sasa pale kwenye ngazi nilikuwa karibu kujua, ila miguu ilianza kutetemeka kabla sijafika mbali. Pumzi ikanikatika. Mama akaruka kutoka kwenye benchi.

"Basi! Daktari, wacha mtoto. Si unaona vile anahema? Ni vile tu alikuwa anahema kabla apasuliwe!"

Daktari Mbaabu aliweka kipimo masikioni. Alinisikiliza kifuani, akanisikiliza mgongoni, akangoja, akasikiliza tena. Mtu yule hakuwa na haraka, na mimi nilimpenda kwa hilo.

"Mama, hii moyo iko sawa," akasema mwishoni. "Sisemi atashinda mbio. Lakini maji atapandisha, pole pole. Hii miguu ndiyo haijawahi kufanya kazi."

"Na hiyo kupiga yote?"

"Si lazima ipige? Ndiyo inapeleka damu kwa miguu. Ingekataa kupiga ndiyo ningeshtuka. Kila mtu ako hivyo."

Mama alimshukuru kwa heshima zote, namna anavyomshukuru mwuza dawa wa sokoni Karatina bila nia ya kununua kitu chake. Nikajua shule nimeikosa.

Tuliposhuka basi Endarasha jua lilikuwa bado kali. Tulitembea kidogo kuelekea nyumbani, kisha mama akasimama.

"Maitu," akaniita. Kila mara aliniita hivyo, yaani mama kwa Kikuyu, maana jina nililobeba ni la mama yake mzazi. "Kimbia mpaka kwa ua wa boma la Theuri pale mbele, urudi. Nataka kusikia mwenyewe."

"Ati nikimbie?"

"Kimbia kabla sijabadilisha nia."

Nikakimbia. Niliogopa, lakini nilikimbia. Viatu vilinipiga visigino, mdomo ukakauka, kichomi kikanishika ubavuni, na ndani kabisa moyo ukafanya fujo ambayo sijawahi kuisikia. Nikangoja uzi ukatike. Haukukatika. Niligusa ua wa Theuri, nikageuka, nikarudi nikihema na kucheka.

Mama aliinama pale pale barabarani akaweka sikio kifuani pangu. Uso wake ukabadilika.

"Inapiga vibaya."

"Daktari alisema ya kila mtu hupiga hivyo, mami."

Alinitazama, akatazama barabara. Kisha akavua viatu, akakusanya sketi mkononi, akakimbia. Mama yangu, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa! Waliokuwa wakilima viazi waliinuka wote na majembe yao. Alifika kwa ua, akarudi akiwa ameshika ubavu, kitambaa cha kichwa kimemteremkia shingoni, akakivuta kichwa changu kifuani pake.

Sikuwa nimewahi kuusikiliza moyo wa mtu mwingine. Wake ulikuwa ukigonga bila adabu, kwa pupa, ukirukaruka.

"Iko aje?" akauliza, akitafuta pumzi.

"Yako inapiga kuliko yangu."

"Wacha mchezo."

"Haki ya Mungu, mami."

"Sikiza tena."

Nikasikiliza tena. Tulisimama hivyo katikati ya barabara, watu wakitutazama, mpaka moyo wake ukapunguza mbio, ukatulia. Hapo akaniachilia, akavaa viatu, akaniuliza shule ilisema nipeleke ndoo ya ukubwa gani.