Mfalme Mwenye Vumbi

Mzee Grisi aliketi mbele ya ubao wa chesi na ovaroli yake ya usiku, macho mazito kama yametiwa mchanga. Alikuwa fundi wa mashine, na tangu jana hajalala. Fainali ya chesi ya kiwanda ilipangwa asubuhi, maana ofisi ndiyo hupanga, na ofisi hulala usiku. Ng'ambo ya meza ya kantini alikaa msimamizi wa kiwanda, ananukia sabuni.

Mshindi angejichagulia zamu, tangazo la ukutani lilisema hivyo. Msimamizi zamu ya nini? Alitaka kikombe cha ushindi tu. Mzee Grisi alitaka mchana. Miaka sita aliuomba, wakamzungusha, hadi mkewe akakata roho peke yake kitandani, yeye yuko chini ya mashine na kopo la grisi.

Ufunguzi huu alifundishwa na huyo mke. Askari wa mbele ya mfalme, hatua mbili. Kisha wa jirani yake, mwache aliwe. "Mpe cha bure," alikuwa akisema. "Wakubwa hawajui kukataa cha bure. Wakati anatafuna, wewe unafungua njia."

Msimamizi akamla askari. "Umeanza kusinzia, mzee wangu?"

"Kula tu, bosi. Ndiyo kazi yenu."

Mafundi waliokuja kutazama wakacheka chinichini. Sasa ilikuwa zamu ya farasi kutoka. Lakini mkono wa Mzee Grisi, uliozoea miaka thelathini kufuta kila chuma kabla ya kukiwasha, ukaona vumbi kwenye taji la mfalme. Ukachomoa kitambaa, ukamfuta.

"Umegusa!" Karani wa msimamizi, ndiye mwamuzi, akaruka. "Uliyemgusa ndiye unayemcheza."

"Nimempangusa tu, mwanangu."

"Ungesema kwanza, mzee. Sheria ni sheria."

"Kwetu sisi, ndiyo."

Mfalme akatoka nje kwa miguu yake mwenyewe. Malkia wa msimamizi akamrukia, akamtishia: shaha, tena shaha. Hatua kumi na moja, kwisha habari.

"Pole, mzee. Mwakani." Msimamizi akaondoka na kikombe. Zamu hata hakuitaja.

Mzee Grisi akabaki kurudisha kete sandukuni, kila moja akiifuta kwanza, nyeupe na nyeusi. Karani alimtazama. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa kumi na mbili jioni mashine zingemngoja. Akamlaza mfalme, akafunga kifuniko, akaenda kulala kwenye kitanda cha watu wawili.