Mwaka Ulioandikwa Chini ya Majina

Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025. Asubuhi ile Mbinga kulikuwa na ukungu mzito na manyunyu, hata mibuni iliyo hatua kumi kutoka mlangoni kwangu sikuiona. Nilisali sala ya Malaika wa Bwana, nikafunga nyumba, nikapanda gari la kuteremka ziwani. Nilikuwa nimembebea mdogo wangu Gaudiosa unga wa ulezi, pamoja na neno ambalo sikutaka kumwambia.

Gaudiosa aliolewa Lipingo, kando ya ziwa. Mumewe alifariki miaka minne iliyopita, akamwachia binti mmoja, Dorothy, ambaye Januari hii ameanza kidato cha kwanza. Tangu Oktoba mdogo wangu anaumwa ini. Hospitalini walimpima, wakampa dawa za maumivu, wakasema tumrudishe nyumbani. Sote tulielewa maana yake. Yeye pia alielewa, mpaka alipokuja Mirani.

Mirani ni mwigizaji wa Kikorea. Jina lake halisi hatulijui. Hilo ndilo analoitwa na yule mtu anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti zao. Novemba nilikaa Lipingo mwezi mzima kumuuguza mdogo wangu, nikawa nimemnunulia kadi ya tamthilia sokoni Mbinga. Tuliiweka kwenye simu yangu, tukatazama pamoja, yeye kitandani, mimi kwenye kigoda.

"Mbona hawa watu hawalimi?" nilimuuliza siku moja. "Sehemu kumi na mbili zimepita, sijaona jembe."

"Dada, kama unataka majembe si ungebaki shambani kwako?"

"Na hawasali kabla ya kula."

"Wana njaa. Tambi zinapoa."

Mimi nilipenda wanavyowainamia wazee wao; ile ni shikamoo ya kiuno kizima. Sikumpenda mama tajiri, mzazi wa yule daktari wa kwenye tamthilia, anayewamwagia watu maji usoni. Gaudiosa alimtetea. Alisema yule ndiye mwigizaji bora kuliko wote, maana kumfanya mgonjwa wa Lipingo akunje ngumi kwa hasira si kazi ndogo. Ila daktari mwenyewe Gaudiosa alimdharau. Alisema analia kwa jicho moja tu, na la pili linabaki kuangalia kama anapigwa picha vizuri. "Huyo hafai kuoa," alisema. "Mwanamume alie kwa macho yote mawili au asilie."

Lakini Mirani hatukumcheka. Katika tamthilia ile naye aliumwa ini. Alizidi kukonda kila sehemu, macho yakawa ya manjano, na mwishoni walimzika kwenye theluji. Hapo mtafsiri aliingiza maneno yake mwenyewe: "Ndugu watazamaji, dada huyu anaumwa kweli, haya si maigizo. Tumuombee."

Kumwamini mtafsiri yule lilikuwa kosa langu. Nilianza kusoma na kuandika mwaka juzi tu, nikiwa na miaka hamsini na mbili, katika madarasa ya jioni ya watu wazima, na bado nilitafuta kila nafasi ya kushika kalamu. Nilichukua karatasi ya nia za sala, nikaandika: Gaudiosa, mgonjwa, Lipingo. Chini yake nikaandika: Mirani, mgonjwa, Korea. Katekista Erasmo aliyasoma yote mawili mbele ya Jumuiya ya waumini wa pale bila kusita, tukaanza novena. Kwa siku tisa wanawake waliacha dagaa wao wa usipa juani juu ya vichanja, wakaja kupiga magoti kwa ajili ya Mkorea.

Siku ya Krismasi nilikuwa Lipingo tena, na Dorothy aliazima kadi nyingine kwa rafiki yake. Mirani alikuwemo. Alikuwa amenenepa, mashavu yamejaa, anakimbia kando ya maji ameshika viatu mkononi.

Gaudiosa alikaa kitako bila kushikwa. "Amepona!" alipiga kelele. "Dada, sala zimefika Korea, zitashindwa kufika kitandani kwangu?"

Tangu siku ile hakutaka kusikia habari za kifo. Hilo lingekuwa jambo jema, kama si Dorothy. Kwetu, mgonjwa akitaka kusema mtoto wake alelewe na nani, kauli yake haishiki mpaka isikiwe na mtu wa upande wa mume na mtu wa kanisa. Akifa hajasema, mtoto anakwenda kwa upande wa baba. Na upande wa baba ni Meshack, shemeji yake, anayeishi Ngaka. Mkewe huwapikia madereva wa malori ya makaa ya mawe, na Meshack alishasema wazi kwamba msichana wa miaka kumi na minne anajua ya kutosha kubeba sahani. Si mtu mbaya. Ana watoto sita wake mwenyewe.

Kila alipokuja kumwona mgonjwa alianza, "Shemeji, tuongee habari ya mtoto."

"Mtoto ana mama," Gaudiosa alimjibu. "Na mama anapona."

Mwalimu wetu wa jioni hurudia kila siku kwamba msomaji mzuri haachi ukurasa kabla ya mstari wa mwisho. Alhamisi, baada ya darasa, nilifungua tamthilia zote mbili, zilizokuwa bado kwenye simu yangu, nikaacha majina yapite mpaka mwisho. Mengi yako katika maandishi yao, siyajui. Lakini chini kabisa kulikuwa na mwaka. Ile ya mazishi: 2021. Ile ya kukimbia: 2017.

Nilirudia mara tatu. Kisha nilipiga magoti, nikamwomba Mungu niwe nimekosea kusoma.

Nilipofika Lipingo jua lilikuwa kali. Gaudiosa hakuweza tena kukaa. Miguu ilikuwa imevimba, na tumbo.

"Mbona uso wako kama wa mama wa daktari?" aliniuliza. "Unataka kunimwagia maji?"

Nilimwonyesha simu. Yeye alimaliza darasa la saba, anasoma haraka kuliko mimi. Alitazama mwaka wa kwanza, akatazama wa pili.

"Alikimbia kwanza," alisema polepole. "Ndipo akaugua."

"Au hakuugua kabisa. Labda ilikuwa rangi tu na kazi yake. Sijui, mdogo wangu. Ninachojua, siku ile hakuwa amepona ugonjwa wowote."

Nje watu walikuwa wakigeuza usipa, wakifukuza kunguru.

"Kwa hiyo Jumuiya nzima, siku tisa, tulimwombea mtu mzima wa afya."

"Ndiyo."

"Katekista asijue. Atakata tamaa."

Alicheka. Kicheko kilimuumiza, akajishika ubavu, kisha akalia, kwa macho yote mawili. Nilimwomba anisamehe.

"Ungengoja mwakani, dada," alisema, "ndipo ujifunze kusoma."

Baadaye alifuta uso kwa khanga. "Meshack yupo, amekuja jana. Mwite. Na Katekista."

Waliingia wakakaa kwenye mkeka. Dorothy alisimama mlangoni ameshika sketi yake ya shule iliyolowa, alikuwa akiifua. Gaudiosa alisema kwa pumzi fupi: "Mtoto wangu akae na dada yangu. Asome."

"Shemeji, mtoto ni wa kwetu," alisema Meshack.

"Umesikia kauli ya mgonjwa," alisema Katekista Erasmo.

"Nimesikia, siivunji. Lakini nisikieni na mimi. Siku nitakaposikia Dorothy hayuko darasani, kwa sababu yoyote, nakuja kumchukua."

Niliinamisha kichwa. Mibuni yangu imezeeka. Kifua changu hakiniachi nilale masika yote. Nilikuwa nimesali juu ya jambo hili njia nzima kutoka Mbinga, na sikusikia jibu lolote.

"Dada," aliita Gaudiosa. "Lile la Mirani umeninong'oneza. Hili sema kwa sauti, wote wasikie."

Nilisimama.

"Mimi Bonifasia, mbele ya Mungu, mbele yako Katekista na wewe Meshack, naahidi: Dorothy atakaa darasani mpaka amalize kidato cha nne. Na nikiona nashindwa, nitamwambia Dorothy mwenyewe kwanza, sitamficha."