Tarumbeta Lililougua Kabla ya Pasaka

Wiki tatu kabla ya Pasaka, tarumbeta la Mzee Eliezeri liliugua. Vitufe vyake vitatu vilianza kuchelewa, na sauti zikawa zinatoka mbili kwa pamoja kama watu wanaogombea mlango.

Eliezeri alikuwa amepiga sauti ya kwanza katika kikundi cha tarumbeta cha usharika, huko Vudee, kwa miaka thelathini na mmoja. Alivipangusa vitufe, akavitia mafuta ya cherehani. Havikupona. Basi akaamua kwamba Loth, wa sauti ya pili, amembadilishia, maana matarumbeta ya kanisa yote yanafanana. Hakumsengenya. Alimwambia tu, mbele ya kikundi kizima, arudishe alichochukua. Loth, mtu asiye na maneno mengi, akampa lake, akachukua lile gonjwa, akalipiga vizuri tu.

Kufikia Jumapili, la Loth nalo likawa limeugua.

Hapo Eliezeri aliogopa. Alfajiri ya Pasaka kikundi hupita makaburini kikipiga nyimbo za ufufuo, na mkewe Yudith alikuwa amelala huko. Yudith aliacha wosia mmoja: apigiwe na mumewe, siyo Loth, kwa sababu Loth huvuta mwisho wa ubeti kama anayesindikiza wageni na hataki waondoke. Kijiji kizima kiliujua wosia huo, Loth akiwemo. Pasaka sita ulikuwa umetimizwa.

Jumatano ya wiki ya mateso Eliezeri alishuka Same, kliniki ya kisukari. Alikuwa na miaka kumi na miwili ya ugonjwa huo, wala hakuona sababu ya kumsumbua daktari na habari za tarumbeta. Ila kadi ilimdondoka mara mbili, na Daktari Jesca akamshika mkono. Akamgongagonga kwenye kifundo cha mkono. Kitu kama shoti ya umeme kikamkimbilia vidoleni. Daktari akauliza ni vidole vipi vinavyokufa ganzi. Eliezeri akataja gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho, kisicho na kazi yoyote kwenye tarumbeta, kilikuwa kizima kabisa.

"Baba, tarumbeta halina kosa," Jesca alisema. "Mshipa wa fahamu umebanwa hapa kwenye kifundo, na sukari ilikuwa imeshauchosha."

Akampa kifaa cha kufunga mkono wakati wa kulala, akamkumbusha dawa na chai isiyo na sukari, akasema ikishindikana watapasua kidogo kuupa mshipa nafasi. Eliezeri akauliza kama utapona kufikia Jumapili. Jesca akasema hapana.

Jioni hiyo alilipeleka tarumbeta kwa Loth. Aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Nilikusingizia. Mbovu ni mkono wangu."

Loth akalipokea. "Pumzi unayo?"

"Pumzi ninayo."

Alfajiri ya Pasaka, kaburini kwa Yudith, Eliezeri alilishika tarumbeta kwa mkono wa kushoto, akaliweka mdomoni. Loth akasimama kulia kwake na kuweka vidole vyake vitatu juu ya vitufe. Mmoja akapuliza, mwingine akabonyeza. Wimbo ukatoka, umechelewa kidogo, lakini mzima.

Mwisho wa ubeti, Loth alivuta. Eliezeri akampa pumzi.