Jina la Kumi na Mbili

Kocha Gerald Amsler alimwaga unga Jumapili asubuhi, kwa simu iliyochukua dakika nne. Kwa miaka tisa alikuwa ameinoa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo cha Carrow Springs, kule Mississippi, na msimu huu vijana wake walikuwa wamepigwa mechi saba kati ya kumi na mbili. Mkurugenzi wa michezo alimshukuru kwa utumishi wake, akamtakia kila la heri, na kabla ya saa sita mchana picha yake ilikuwa imeshang'olewa kwenye lango la uwanja. Wakubwa wa chuo wana haraka ya ajabu wanapoamua. Bomba la chumba cha kubadilishia nguo lilivuja misimu miwili bila fundi kuonekana.

Kocha mkuu akianguka, wasaidizi wake huanguka naye. Wendell Stroud alilijua hilo kuliko wengi. Yeye alifundisha walinzi wa mbele, wale vijana wenye miili ya makabati wanaosimama kama ukuta ili mrusha mpira asiangushwe. Katika miaka kumi na moja alikuwa amehama miji sita kwa ajili ya kazi hiyo. Mkewe, Charlene, alikuwa ameacha kutupa maboksi ya kuhamia. Aliyakunja tu na kuyarundika gereji. Lakini safari hii alisema mapema, huku akiosha vyombo, kwamba yeye hafungashi. Binti yao alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na hiyo ilikuwa shule yake ya nne.

"Wewe nenda ukitaka," Charlene alisema. "Sisi tupo hapa. Tutaonana Krismasi."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Wendell.

Siku kumi baadaye akaletwa kocha mpya, Kyle Rensing, mwanamume wa miaka thelathini na minane mwenye meno meupe na saa kubwa. Bendi ya chuo ilimpigia matarumbeta uwanjani, mkurugenzi akamvisha kofia ya timu, na wazee wenye fedha zao, wale ambao ndio huamua nani anafundisha na nani anafukuzwa, walipiga makofi wakiwa safu ya mbele. Kesho yake asubuhi Rensing aliwaita wasaidizi wa Amsler mmoja mmoja. Wanane walitoka na bahasha. Wa tisa alikuwa Wendell.

"Kaa, kaa," Rensing alisema. "Unajua kwa nini nataka kukubakiza?"

"Sijui, Kocha."

"Kila ninayemuuliza ananiambia wewe ndiye unayewajua hawa vijana. Wewe ndiye uliyekuwa unakwenda kwao kuwachukua. Umekula kwa mama zao wote, si ndiyo?"

"Karibu wote."

"Safi. Sasa sikia, kaka. Mimi nakuja na vijana wangu kumi na wawili kutoka kule nilikokuwa. Nafasi hakuna, na mkurugenzi ameniahidi uhuru wa kupanga timu nipendavyo. Nataka majina kumi na mawili ya kuondoka. Alhamisi. Usiniletee maelezo, niletee majina."

"Na mimi?"

"Wewe ukileta, tuko pamoja. Miaka miwili, nitasaini hapa hapa."

Wendell aliitikia kwa kichwa. Baadaye alijaribu kukumbuka kama kuna neno lolote la kupinga alilolisema mle ndani, hata la nusu mdomo, na hakulipata.

Majina kumi na moja hayakumsumbua sana. Wengine walikuwa wameshaaga wenyewe, wengine walikuwa wavivu, wawili walikuwa hawaendi darasani. Aliyaandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya njano akiwa amekaa ndani ya gari, maana ofisini aliona kama kuta zinamtazama. Jina la kumi na mbili ilibidi litoke miongoni mwa walinzi wake mwenyewe, na hapo palikuwa na watu wawili: Cody Brandt na Davion Pickens.

Cody alikuwa mzito wa miguu na mzito zaidi wa kufikiri. Ila baba yake alikuwa akifundisha timu ya shule kubwa mjini Jackson, kila Ijumaa alisikika redioni, na mdomo wake haukuwa na breki. Davion alikuwa bora kuliko Cody kwa kila kipimo. Alifanyiwa upasuaji wa goti Septemba, lakini daktari alikwisha kusema kwamba kufika kiangazi atakuwa anakimbia. Alikuwa anasomea uhandisi, mwaka mmoja umebaki. Bila nafasi kwenye timu, ufadhili wake ungekoma Mei, na chuo kingine kingeikubali nusu tu ya masomo aliyokwisha kuyapasi.

Halafu kulikuwa na ile meza.

Miaka mitatu na ushee iliyopita Wendell alikwenda Delta, uwanda wa mashamba huko huko Mississippi, nyumbani kwa akina Pickens, kumwomba Davion ajiunge na Carrow Springs. Makocha wote hufanya hivyo: unavaa shati la chuo, unavua kofia mlangoni, unakula kila unachopewa. Mama yake, Loretha, mpishi wa shule ya msingi, mjane wa mwaka mmoja wakati ule, alikuwa ameandaa kambare wa kukaanga, maharage mapana, sukuma zilizochemshwa na nyama ya nguruwe, na mkate wa mahindi. Walishikana mikono ili abariki chakula. Kabla ya kufika Amina, Bi Loretha alifumbua macho.

"Kocha Stroud, makocha huja na kwenda. Magazeti nayasoma. Wakishakwenda, mwanangu anabaki na nani?"

"Anabaki na mimi, Bi Loretha. Aondoke atakayeondoka, Davion atavaa joho la mahafali pale pale Carrow Springs. Nakuahidi."

"Hebu sema tena. Chakula kikiwa mbele yako."

Wendell akasema tena. Ndipo mama akasema Amina, wakala.

Sasa, ndani ya gari, aliandika Davion Pickens. Hakuwa na udhuru, na mimi simtafutii. Alimwandika kwa sababu Brandt mzee angekwenda redioni, angempigia mkurugenzi, angezuia wachezaji wa Jackson wasije, na kocha mpya angeuliza ni nani aliyemletea balaa hili. Bi Loretha asingempigia mtu. Angeamini alichoambiwa, kwa sababu aliyemwambia ni Kocha Stroud. Watu wa kumtetea Davion walikuwa mama yake na Wendell, basi.

Ijumaa Davion aliitwa ofisini. Wendell alikaa pembeni, kiti karibu na dirisha, mikono juu ya magoti kama mgeni msibani. Rensing aliongea kwa upole uliozoeleka, wa mtu aliyekwisha kuyasema hayo mara kumi na moja tangu asubuhi.

"Tumeangalia video zako zote, kijana. Una kipaji. Ila kwenye mipango yetu sikuoni. Dirisha la uhamisho liko wazi, tafuta timu inayokuhitaji."

"Nimebakiza mwaka mmoja wa masomo, Kocha."

"Najua, na inaniuma. Lakini ndiyo mpira wenyewe."

Davion alishusha macho kwenye meza, akayaacha hapo kwa muda, kisha akamtazama Wendell. Wendell akageukia dirishani. Nje mtu alikuwa anakata majani ambayo yalikwisha kukatwa jana.

Alimfuata kijana koridoni. Angeweza kunyamaza tu, na hilo pekee lingetosha kumwaibisha maisha yake yote. Lakini hakunyamaza.

"Nilikupigania, Davion," alisema, akimshika bega. "Nataka ujue hilo. Nilikupigania mpaka mwisho."

"Asante, Kocha," Davion akajibu, na bega lake lilikuwa gumu kama ubao.

Walioondolewa walitakiwa kuachia vyumba vyao vya timu mara moja, na Jumamosi Bi Loretha alikuja kumchukua mwanawe. Alimpigia Wendell njiani: anapita bwenini, amembebea kitu kidogo, asiondoke. Wendell alikwenda. Alijiambia anakwenda kusaidia kubeba mizigo. Walipokuwa ngazini, yeye na Davion, kila mmoja ameshika upande wa televisheni, kijana akasema bila kumtazama:

"Ile karatasi ilikuwa juu ya meza, Kocha."

"Karatasi gani?"

"Ya njano. Mwandiko wako naujua. Kila Jumatatu kwa miaka mitatu umeniandikia makosa yangu."

Wendell alikosea ngazi. Televisheni ikayumba, Davion akaiweka sawa kwa upande wake.

"Davion..."

"Usinieleze. Na Mama usimwambie."

"Kwa nini?"

"Kanisani anakuombea kwa jina. Kila Jumapili, mbele ya watu. Baba alipofariki watu walimwahidi mambo mengi, hakuna aliyetimiza. Umebaki wewe tu anayekutegemea. Mwache hivyo hivyo. Sifanyi kwa ajili yako."

Kitu cha kwanza alichokisikia Wendell moyoni kilikuwa nafuu. Nafuu tamu, ya mtu aliyeachiwa na polisi. Akajichukia kwa nafuu hiyo kuliko alivyojichukia kwa jina lenyewe, na bado hakuikataa. Aliteremka nayo ngazi zote.

Bi Loretha alikuwa amesimama kando ya gari lake la zamani, amevaa koti la kanisani. Alimkumbatia Wendell, akamkabidhi sinia lililofunikwa karatasi ya alumini, lingali la moto. Lilikuwa limefungwa kwenye taulo mbili ili lifike hivyo.

"Kambare," alisema. "Najua unavyompenda. Davion ameniambia ulivyompigania."

Wendell alimtazama Davion. Davion alikuwa anapanga maboksi kwenye buti.

"Yule bwana mpya namwachia Mungu," mama akaendelea. "Hakuketi kwangu, hakuniahidi chochote, sina la kumdai. Ila wewe, Kocha, nilitaka nikuambie uso kwa uso. Mdogo wake Davion, Kelvin, yuko darasa la kumi sasa. Umemwona? Amempita kaka yake urefu. Makocha wameshaanza kupiga simu, hawaniachi hata nikiwa kazini. Nimewaambia wote wasijisumbue. Kwenye meza yangu hataketi mtu isipokuwa Kocha Stroud. Popote utakapokuwa, Kelvin nakuletea wewe."

Davion aliacha maboksi. Alisimama na mkono juu ya mlango wa buti, akamtazama Wendell, na safari hii Wendell hakuwa na dirisha la kugeukia. Kijana alitikisa kichwa kidogo. Huenda alimaanisha usiseme. Huenda alimaanisha usimchukue na huyu. Wendell hakujua, na wala hakuwa na haki ya kuuliza.

"Usimlete, Bi Loretha."

"Usimlete nani?"

"Kelvin. Usimlete kwangu." Sinia lilikuwa linamchoma vidole na hakuwa na pa kuliweka. "Jina la Davion niliandika mimi. Kocha mpya hata hakuwa anamjua. Alitaka majina kumi na mawili, mimi nikampa. Nilitaka kubaki. Sikumpigania. Nilimdanganya nilipomwambia hivyo, na yeye alijua ni uongo."

Wanafunzi wawili walipita wakicheka jambo lao. Bi Loretha alisubiri wapite.

"Ulijua?" alimuuliza mwanawe.

"Ndiyo, Mama."

Alimgeukia tena Wendell. Uso wake haukuwa umebadilika sana. Ulikuwa umetulia tu, kama wa mtu anayesikiliza maelekezo ya njia.

"Kwa nini yeye?"

Hapo Wendell alikuwa na goti la Davion la kujitetea nalo. Goti lilikuwepo, na picha za hospitali zilikuwepo, na mtu yeyote angelielewa goti. Aliliona likimjia ulimini, akalimeza.

"Ilikuwa yeye au mwenzake. Mwenzake ana baba mwenye mdomo, angenikalia kooni. Wewe nilijua hutapiga kelele."

Wendell alingoja, na ukweli ni kwamba aliomba. Aliomba amtukane, amnyang'anye sinia alimwage chini, apaze sauti madirisha yote ya bweni yafunguliwe, watu watoke waone ni mtu wa namna gani aliyesimama pale. Angeyapokea yote kwa shukrani.

"Hukukosea," mama alisema. Alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, mpaka cha juu. "Chakula hicho kingali cha moto, Kocha. Davion, twende."

Aliingia garini, akafunga mkanda, akamsubiri mwanawe afunge wake. Aliwasha taa ya kukata kona. Kwenye kivuko cha waenda kwa miguu alisimama ili wanafunzi watatu wavuke, akawapungia mkono wapite bila wasiwasi, kisha akaingia barabarani taratibu, bila hata kupiga honi.